Nilivyolambisha ng'ombe wa rafiki yangu baruti nikidhani ni magadi

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wale wa Kajiado, sopa.

Mimi ni mzee, na kuandika kwa simu nimefundishwa na mjukuu. Haya ni mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu. Sitaongeza chumvi, na mkifika katikati mtajua kwa nini niliacha kuongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo kwa kiwanda fulani, nikipanga nyumba Kitengela. Kwetu ni Kakamega. Nimesoma hadi Form Four, na chemistry nilipata credit. Hiyo credit muikumbuke.

Rafiki yangu alikuwa mfugaji wa upande wa Kajiado, mzee Lemayian. Nilipopata mtoto wa kwanza, Rispa, alinipa mtamba. Kwa Wamaasai, mkishapeana ng'ombe mnaacha majina yenu, mnaitana Pakiteng. Mimi Pakiteng, yeye Pakiteng.

Mtamba wangu alikaa bomani kwake. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kumwona na kutoa ushauri ambao hakuna mtu aliuomba.

Halafu ukaja ule ukame wa baada ya El Nino.

Nyuma ya boma kulikuwa na uwanja ambapo wanajeshi walifanyia mazoezi ya mizinga. Wakishaondoka, watu walilisha humo, maana ndiko nyasi ilikuwa imebaki. Kibao cha onyo kilikuwepo. Lakini wakati wa ukame ng'ombe hasomi kibao, na mwenye ng'ombe naye anasahau kusoma.

Jumamosi moja Lemayian alikuwa ameenda soko. Nikaingia kule uwanjani nikaona mashimo. Maji kidogo yaliyobaki yalikuwa na wekundu, na pembeni udongo umeshika ukoko mweupe wenye umanjano.

Nikasema, hii ni magadi, na ni ya bure. Nikajaza ndoo.

Sasa, kwa boma la Lemayian chumvi mpya huonjwa kwanza na ng'ombe mzee. Akilamba, wengine wanapewa. Akikataa, inamwagwa. Mzee wao alikuwa Nasieku, ng'ombe wa pembe moja.

Nasieku alinusa ndoo, akapiga chafya, akanigeuzia mkia.

Mke wa Lemayian, Mama Naserian, alikuwa ananiangalia. "Baba Rispa, Nasieku amekataa. Mwaga."

"Mama, huyo hajasoma chemistry."

"Na wewe hujawahi kula majani."

Wakuu, hapo ningemwaga.

Badala yake nilingoja aende kuchota maji, nikachanganya ule udongo na molasi. Nasieku alikataa tena. Lakini mtamba wangu alilamba, na mtamba wa Lemayian pia. Huyo wa Lemayian alikuwa na mimba, na watoto wote wa boma walikuwa wanangoja maziwa yake, kwa sababu Nasieku alikuwa karibu kukauka.

Jua halijashuka, wote wawili walikuwa chini wakitetemeka, miguu ikipiga hewa, povu mdomoni. Lemayian alifika wakati wanakata roho. Akapiga magoti, akashika shingo ya mtamba wake.

"Pakiteng, wamekula nini?"

Nikamwambia labda ni ndigana. Nikasingizia kupe.

Akaangalia ile ndoo. Akasema, "Basi ni kupe."

Nilinyamaza miaka mingi. Watoto wake walikunywa chai ya rangi msimu mzima, nami nilikunywa nao, na bado nikanyamaza. Sokoni nilikuwa nasikia wachuuzi wakimtania, "Mzee Lemayian, leo umewapa ng'ombe chumvi gani?" Watu wanacheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani ni utani tu wa soko.

Baadaye, tayari ni miaka ya elfu mbili, daktari wa mifugo alikuja kwa baraza ya chifu. Akaeleza kwamba masalia ya vilipuzi hubaki kwa udongo na kwa maji, na ng'ombe akilamba anaanguka akitetemeka. Nilitoka kabla hajamaliza, nikaenda moja kwa moja kwa Lemayian, nikamwambia yote.

Akanisikiliza akichonga fimbo.

"Pakiteng, ndoo ilinuka molasi. Nani hapa huweka magadi molasi?"

"Ulijua? Na mbona ulinyamaza?"

"Wewe ndiye ulinyamaza. Mimi niliwaambia majirani ule ukoko unaua, wasilishe kule. Wakauliza nimejuaje. Nikasema niliwalambisha wangu mwenyewe."

Hapo ndipo nikaelewa kile kicheko cha sokoni.

"Kwa nini ulijiaibisha hivyo?"

"Ningekutaja, wangekufukuza. Halafu mimi ningemwita nani Pakiteng?"

Akachonga tena kidogo. "Lakini Nasieku alikufa hajakusamehe. Hiyo ni kati yenu."

Siku ya soko iliyofuata nilisimama kati ya wachuuzi nikasema ni mimi. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo mambo ya chumvi wananiuliza mimi.

Funzo langu ni hili. Kama unalisha au umenunua plot karibu na uwanja wa mazoezi, usiguse ukoko, usiguse chuma, na maji mekundu yaache hapo. Ambia chifu, ambia jirani. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajabeba aibu yako.

Kama nawe umewahi kubishana na ng'ombe ukashindwa, andika hapa chini. Wenye credit waanze.