Kipimo cha Pili cha Mzee Benedikto

Jua bado halijagusa bati za ghala la kijiji cha Lugenge, huku juu Mgeta, na Mzee Benedikto Mloka ameshainama ndani ya boneti. Injini inaunguruma. Vijana waliolisukuma lori mpaka likawaka wamekaa kando, wanahema. Mzee anasimika ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na kuubana mpini kwenye sikio la kushoto. Anasubiri. Anauhamishia sikio la kulia, na hapo ndipo uso wake unapolegea.

"Bado mzima," anasema, na kufunga boneti taratibu.

Lori hili lilikuwa la jeshi. Linavuta kwa magurudumu yote manne, na kijiji kililinunua mnadani mwaka 1974. Wenyeji wanaliita Mkwe, kwa sababu haliendi bila kubembelezwa. Ndilo linaloshusha kabichi, viazi na njegere hadi sokoni Morogoro. Kabla yake, mizigo hiyo ilishuka juu ya vichwa vya wanawake.

Tangu vita vilipokwisha mwaka jana, 1979, vipuri vimekuwa adimu kuliko sukari. Injini ya Mkwe ikifa, hakuna nyingine. Na mishale yote ya dashibodi imelala, isipokuwa wa mwendo, nao husema unavyotaka.

Ndiyo maana habari iliyopanda kutoka shamba moja la mkonge huko tambarare ilipokewa kama mvua. Shamba hilo lina lori bovu, na limekubali kukipa kijiji vipimo viwili vya dashibodi, au geji, kama madereva wanavyoviita. Viwili tu, kwa kuwa vijiji vingine navyo vimeomba. Vilivyopo ni vitatu: cha joto la maji, cha chaji ya betri na cha presha ya oili.

Kipimo cha joto hakikuleta ubishi. Mlima huu huchemsha rejeta hata asubuhi ya baridi. Ugomvi ulikuwa juu ya kipimo cha pili, na Jumamosi iliyopita kijiji kizima kilijaa ghalani kukichagua.

Andrea, kiongozi wa vijana, alitaka cha chaji. Hoja yake ilikuwa rahisi: betri ikijulikana mapema kwamba inakufa, itatengenezwa, na watu watapumzika kusukuma. "Wakristo wote wana Ijumaa Kuu moja kwa mwaka," alisema. "Sisi wa Lugenge tunafanya Njia ya Msalaba kila asubuhi, na msalaba wenyewe una magurudumu."

Ghala lilicheka. Mikono mingi ilikuwa upande wa Andrea.

Mzee Benedikto alisema anataka cha oili. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Mikaeli, alishangaa. Kwa miaka yote hiyo dereva wao amejivunia kwamba oili anaisikia kwa masikio, na kwamba geji ni za madereva wa mjini. Leo kimebadilika nini?

 Mzee ana miaka hamsini na minne. Alianza kazi hii akiwa utingo wa lori la misheni, akajifunza usukani kwa kutazama miguu ya dereva. Kijiji humlipa posho ya shilingi mia mbili kwa mwezi, nyumbani analima maharage yake, na hajawahi kuomba kazi kwingine. Alijua kwamba akijibu kweli, huenda akashuka kwenye usukani siku hiyohiyo.

Akajibu kweli.

"Maji yakichemka nitaona mvuke. Betri ikifa mtasukuma, mtanitukana, tutafika. Lakini oili ikipungua, injini hulalamika kwanza kwa sauti ndogo sana, halafu inakufa. Sauti ile, nikiwa kwenye usukani, mimi siisikii tena. Sikio la kushoto limekufa tangu masika."

Hakuna aliyecheka.

"Kwa hiyo, Ndugu Benedikto," Mwenyekiti aliuliza, "umekuwa ukitushusha mlimani kwa sikio moja?"

"Na macho mawili, Mwenyekiti."

Sauti kutoka nyuma ikataka anyang'anywe funguo hapohapo. Nyingine ikaunga mkono. Aliyewanyamazisha ni Mama Felista, mkulima wa kabichi ambaye siku za soko hukaa mbele, kushoto kwa dereva. Alisema amekuwa akimsemesha njiani bila kujibiwa, akadhani mzee ameingiwa na maringo ya usukani. Sasa ameelewa. Akawageukia waliotaka funguo.

"Shingo iliyobeba kabichi ni yangu, si yenu. Angenyamaza, mngempa Andrea chaji yake, injini ingekufa, na mimi ningerudi kubeba. Mtu aliyeniokoa shingo ndiye mnayemfukuza?"

Andrea mwenyewe ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kwa ajili ya oili.

Hata hivyo mkutano haukumwachia mzee hivihivi. Lazima afundishe mtu wa kumpokea. Kwa Waluguru, ambao mjomba hurithiwa na mtoto wa dada yake, jibu halikuwa mbali: Scholastika, mtoto wa dada yake mzee, aliyerudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa akijua kuendesha trekta. Kuna walioguna kwamba ni mwanamke. Yeye aliwauliza kama Mkwe ni mwanamume, na maguno yakaisha.

Kesho Mzee Benedikto atashuka kwenda shamba la mkonge kufungua vipimo hivyo kwa mkono wake. Cha oili hatakiweka mbele ya usukani, bali katikati ya dashibodi, ili yeyote aliyekaa mbele akiona mshale umeanguka amguse bega.

Akiulizwa kama haogopi siku ya kukabidhi funguo, anafuta mikono kwa kitambaa na kumtazama mpwa wake anayepakia magunia.

"Naiogopa," anasema. "Lakini akishapata leseni nitaomba kiti cha kushoto, nimwangalizie mshale. Nikikaa pale, sikio langu zima linakuwa upande wake. Akisema 'Mjomba', nitasikia."