Baridi Iliyompata Baba Mkubwa

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, baba mkubwa Asegelile aligeuza nyumba ya babu pale Bulyaga, Tukuyu, kuwa hoteli, akaniita likizo nikalale humo ili vyumba visionekane vitupu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila aliyerithi ukuta wa matofali alijiona mfanyabiashara.

Ukumbini alitundika mikuki aliyoinunua Mbeya, akawaambia Wazungu kuwa ilikuwa ya ukoo. Babu hakuwahi kushika mkuki. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na mwenye baiskeli.

Bibi, mama mzazi wa baba mkubwa, alihamishiwa chumba cha kuni. Mchana alivalishwa kitenge kipya, akakalishwa barazani atwange mahindi, wageni wakipiga picha. Siku moja aliweka mchi chini, akaingia chumba cha chakula, baba mkubwa akiwa na wageni.

"Asegelile, mwanangu, kaburi la baba yako umelisawazisha upate pa kuegesha magari. Nilinyamaza. Sasa ndugu wananung'unika, na mimi nanung'unika. Pumzi ya watu ni baridi. Itakuingia."

Kwetu Wanyakyusa huo haukuwa mzaha. Tuliamini kuwa aliyewaudhi ndugu zake, manung'uniko yao humpata kama upepo, akaugua baridi isiyosikia moto.

Baba mkubwa alicheka. "Mama, unanitishia wateja."

Kesho yake, saa saba mchana, nilimkuta kitandani chini ya blanketi nne, meno yakigongana. Tukuyu kuna baridi, lakini siku ile jua lilikuwa kali. Hospitali walimpima malaria, hawakuona kitu. Vidonge alimeza, baridi ikabaki palepale. Siku ya tatu bwana mwenye hoteli alipiga magoti kwenye chumba cha kuni, akilia kama mtoto.

"Mama, sema yaishe."

Bibi alisema yote yaliyomkaa moyoni, polepole, bila kuruka hata moja. Kisha akajaza maji mdomoni, akampulizia kifuani.

"Nimesema. Nenda."

Jioni ileile baba mkubwa alikula ndizi, akaomba aongezewe.

Juma lililofuata nilimsikia akiwasimulia wageni wawili kisa hicho, akichekacheka. Akaita, "Mama! Njoo uwaonyeshe ulivyonipulizia maji!"

Bibi alifunga nguo zake kwenye kanga, akanishika mkono, tukatembea mpaka Lufingo kwa shangazi. Hakurudi tena Bulyaga.

Watu huniuliza kama kweli ilikuwa pumzi ya watu. Sijui, na siku hizi hilo halinisumbui. Ninachokumbuka ni dharau niliyoanza kuwa nayo kwake njiani siku ile, na ambayo sijaitua hadi leo. Woga ulimfikisha baba mkubwa magotini. Haya haikumfikia kabisa. Lakini sehemu ya dharau hiyo inanihusu mimi mwenyewe. Likizo nzima nililala kwenye mashuka meupe, nikala mkate wa siagi kila asubuhi, nikisikia Bibi akitwanga nje, na sikuwahi kutoka kwenda kumpokea mchi.