Kikopo cha Shemeji Lamjed

Shemeji yangu Lamjed hajawahi kufanya jambo ambalo dada yangu Beya angeweza kumfanyia. Sisemi hivi kwa chuki. Chuki ninayo, lakini ina mahali pake. Foleni ya mkate, Beya. Kwenda kuhani msiba, Beya: analia kwa niaba yake, kisha anarudi nyumbani kumweleza amelia kiasi gani. Hata viatu vipya vya Lamjed huvaliwa kwanza na Beya jikoni, soksi mbili mbili, mpaka vilainike. Nashangaa hajamwomba amfungie na Ramadhani. Mwenyewe ni karani mstaafu, na hapa Kairuani nzima hakuna mtu aliyestaafu kwa bidii kama yeye.

Mwaka jana alimzika kaka yake Hamadi, aliyekufa kwa "ule ugonjwa". Kwetu hautajwi jina, maana ukitajwa utasikia na utakuja. Hamadi alitokwa na damu chooni miezi na miezi akiiita bawasiri, kwa kuwa bawasiri ni ugonjwa wenye adabu. Daktari akasema ndugu zake wa damu wapimwe utumbo mpana kwa kamera. Lamjed alipoelezwa kamera inaingilia wapi, alivaa koti akaenda mkahawani kucheza karata.

Binti yao Olfa anafundisha mjini Susa, na ukaidi ameurithi kwangu mama yake mkubwa. Akambembeleza baba yake, akalia, akanuna. Mwisho wakapatana: kama hataki kamera, basi walau kile kikopo cha zahanati. Unatia choo kidogo, wao wanatazama kama kina damu isiyoonekana kwa macho. Kikopo kikakaa rafuni jikoni, karibu na chupa ya harissa, pilipili yetu ya kusaga, kikimsubiri Bwana Lamjed apate nafasi.

Siku Olfa alipokuja kukichukua, kilikuwa tayari, kimefungwa vizuri, kimeandikwa jina la baba. Olfa akambusu kichwani. Mimi nami, mjinga wa mwisho, nikampongeza. Wewe unayesoma umeshajua nani alikijaza. Sisi tuliokuwa chumbani hatukujua.

Majibu yakaja: kuna damu.

Nyumba ikafurika. Shangazi wakaja na supu, majirani na briki za mayai, zile sambusa bapa za kukaanga. Lamjed alilazwa kwenye kochi refu, blanketi mpaka kidevuni, wanaume wazima wakimbusu paji la uso kama mahujaji. Na alipendeza kwa ugonjwa ule! Alikohoa kwa heshima. Alisema, "Tumeridhika na aliloandika Mungu," kisha akaomba briki nyingine, yenye yai laini. Nilijiambia huyu mtu kumbe ni jasiri. Sasa nikikumbuka natamani nirudi nimpokonye ile sahani.

Na Beya? Beya alikuwa akizunguka na sinia la kahawa. Amekonda, amepauka, anashika ukuta akipita. Tukasema maskini, anamlilia mumewe.

Kamera ikapangiwa siku. Siku moja kabla, mchana, tukakusanyika kumtia moyo, maana ilibidi anywe jagi zima la dawa ya kusafisha tumbo. Beya akalikoroga, akamshikia glasi. Lamjed akanusa, akageuza uso kwenye mto.

"Siwezi. Inanuka bahari iliyokufa."

"Baba, funga pua unywe," akasema Olfa.

"Nimesema siwezi!"

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiwasha. "Mnamsumbua bure," nikasema. "Mpe Beya amnywie. Si anamfanyia kila kitu?"

Shangazi wakacheka. Beya hakucheka. Glasi ikamponyoka, dawa ikamwagika kwenye blanketi, na Lamjed akamtazama. Nadhani tangu waoane hakuwahi kumtazama kwa muda mrefu hivyo. Akakaa wima.

"Kile kikopo," akasema, "hakikuwa changu."

"Cha nani basi, Baba?"

Lamjed bado alikuwa akimtazama Beya.

"Kahawa inapoa," akasema Beya, akainama kuokota vikombe.

Nikamfuata jikoni nikifoka. "Ulijua damu ni yako, ukanyamaza? Kesho wangemkuta mzima kama farasi, watu wapige vigelegele, waseme mashine imekosea, na wewe ufe kimya kimya na sinia mkononi?"

"Ningesema nini, dada? Nimwaibishe mume wangu mbele ya mwanawe?" Kisha akakaa juu ya gunia la kuskusi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Naogopa." Nikamkumbatia. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu.

Olfa hakupoteza muda kwa matusi, ingawa mimi nilikuwa nayo ya kutosha. Alimpigia daktari. Beya akapimwa siku zile zile, na Lamjed naye, kwa sababu ya ugonjwa wa kaka yake. Alikunywa jagi lake lote, akitapika na kurudia, bila mtu kumshikia glasi. Yeye alikuwa mzima kama farasi. Beya alikuwa na uvimbe utumboni, na daktari akasema umewahiwa, ukatwe upesi.

Siku ya upasuaji, Lamjed alitembea kando ya kitanda cha magurudumu mpaka kwenye mlango tusioruhusiwa kuuvuka.

"Ningeweza, ningeingia mimi," akamwambia.

"Najua," akasema Beya. "Lakini viatu hivi huwezi kunilainishia. Nenda kakae."

Mlango ukafungwa. Yule mwanamume akakaa kwenye kiti cha plastiki, akalia kwa kwikwi, yeye mwenyewe, kwa niaba yake mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea tusi moja zuri sana. Nikalimeza.

Simu yake ikalia. Alikuwa Slim, mwenzake wa karata, anauliza kulikoni. Wauguzi waligeuka, maana alijibu kwa sauti ya mtu anayenadi zulia sokoni:

"Beya ana saratani. Ndiyo, saratani, ya utumbo. Nawe Slim kapime. Nasema wewe! Usimtume mkeo."