Beberu wa Ntheo na Rili ya Kiema

Kiema wa Nuu hajawahi kuvua samaki hata mmoja maishani mwake, na bado hakuna mtu Ukambani anayeijua rili kuliko yeye. Rili ni ile mashini ya kukunjia uzi wa kuvulia samaki wakubwa: gurudumu la uzi katikati, mkono wa kuzungushia ubavuni, na ndani yake gia, beringi na breki. Ujana wake wote uliishia Mombasa, kwenye stoo ya mashua za kupeleka watalii kuvua. Mashua ikirudi, rili zinaletwa mezani kwake, anazifungua, anazitoa chumvi, anazipaka grisi, anazifunga. Baharini aliingia siku moja tu. Alitapika kutoka gatini hadi kurudi gatini, akatangaza kwamba samaki wana kwao na yeye ana kwao.

Alipostaafu walimpa rili moja kuukuu, kubwa kama sufuria ya sima, na uzi wake mzima ungali umejaa. Akaja nayo Nuu, mahali ambapo mto una maji mvua ikinyesha, na siku nyingine zote ni mchanga wa kutembelea. Kila Jumamosi alitandika gunia mbele ya nyumba, akaifungua rili kipande kwa kipande, akaifanyia servisi. Mwanzoni majirani walikuja kutazama. Wengine walidhani serikali imemdokezea habari za mafuriko.

Kiema alikuwa mtu wa servisi, na tusimnyime sifa yake. Kitu kikilia kii mahali, yeye hawezi kula mpaka ajue kinalia wapi. Jenereta ya kanisa ilimjua, baiskeli za jirani zilimjua. Kitu kimoja tu alikiacha kikaota kutu, nacho ni ndoa yake.

Alikuwa hajapeleka ntheo. Ntheo ni mbuzi watatu, mmoja wao beberu, ambao mwanamume Mkamba hupeleka kwa wazazi wa mke ili ijulikane kwamba ameoa. Bila mbuzi hao unaweza kukaa na mwanamke mpaka mkaota mvi pamoja, lakini kwa hesabu ya wazee bado ni binti wa watu aliyekuja kukutembelea. Katunge, mke wake, alikuwa ametembelea hivyo miaka thelathini. Na kwao hakukuwa mbali. Ni ng'ambo ya mto wa mchanga, jogoo wao akiwika unamsikia ukiwa kitandani. Lakini kila tarehe ikipangwa, Kiema alikuwa na mashini iliyo wazi, na mtu mwenye akili zake haondoki akaacha mashini wazi. Mchungaji alipomwuliza habari za harusi ya kanisa alijibu kwamba ntheo kwanza. Wazee walipomwuliza habari za ntheo alijibu kwamba wanapanga harusi ya kanisa.

Mambo yalibadilika binti yao Kaluki alipopata mchumba, kijana wa Kasikeu, huko Makueni. Watu wa kijana wakasema wiki ijayo wanakuja na ntheo yao. Hapo ndipo Kiema alipobanwa, kwa sababu mila haina mchezo: baba ambaye hajatoa mbuzi za mama hawezi kupokea mbuzi za binti. Mutisya, kaka mkubwa wa Katunge, alivuka mto akaja kumwambia bila kuzunguka.

"Muthoniwa, tumekungoja mpaka tumezoea," alisema, akimwita kwa jina la ukwe. "Jumamosi hii kama mbuzi haijaingia kwangu, hao watu wa Kasikeu waje kwangu. Kaluki ni mtoto ya dada yangu. Atatokea kwangu akienda kuolewa."

Kaluki alikuwapo. Akamwambia baba yake kwa sauti ya chini, "Baba, mimi nataka kutokea kwetu." Kiema aliumia. Alimpenda mtoto huyo kuliko kitu chochote chenye skrubu au kisicho na skrubu, na usiku huo hakugusa hata bisibisi.

Basi akaenda kwa Abdijabar, mfanyabiashara wa mifugo pale Nuu, akatoka na majike wawili wapole na beberu mmoja mwekundu mwenye ndevu na dharau. Majike hawakumsumbua. Beberu alikata kamba ya kwanza, akakata ya pili, ya tatu akaitafuna. Hapo Kiema akatabasamu, kwa sababu hatimaye Mungu alikuwa amemletea samaki.

Aliifunga rili kwenye nguzo mbele ya nyumba, akapitisha uzi, akaufunga kwenye ukanda wa ngozi shingoni mwa beberu. Beberu akivuta, breki inamwachia uzi kidogo kidogo, kwa uzito, mpaka achoke mwenyewe. Jioni unazungusha mkono, mbuzi anarudi nyumbani apende asipende. Na kulikuwa na kichuma cha kengele, kinacholia trrr uzi ukitoka, hivyo mwizi akimgusa beberu kijiji kizima kitasikia.

Abdijabar alikuja kuona, akaizunguka nguzo mara mbili.

"Mzee Kiema, sisi kwetu mbuzi tunafunga na kamba na macho," alisema.

"Hiyo ya kwenu iko na macho peke yake," alijibu Kiema. "Hii yangu iko na breki."

Jumamosi ikafika. Katunge na Kaluki walivuka mto alfajiri kwenda kusaidia kupika, maana wageni wa ntheo hulishwa. Kabla hajaondoka, Katunge alisimama mlangoni na sufuria kichwani.

"Baba Kaluki, leo usifungue kitu. Hata soda usifungue."

"Nifungue nini na niko na safari?"

"Mimi nakujua. Hiyo mashini inafanyiwa servisi kila wiki. Mimi nimekaa hapa hii miaka yote, hata vumbi sijapanguzwa."

Kiema alicheka kama mtu aliyesikia mzaha. Akaoga, akavaa suti yake ya pekee, akakaa kumngoja Ndolo, rafiki yake wa rika moja, ambaye angekuwa msemaji wake kwa wakwe. Na kwa kuwa kulikuwa kimya, akasikia rili inalia kii.

Alijikaza. Alitazama kando. Rili ikalia tena, na yule beberu akamwangalia kama anayemwuliza atafanya nini. Kiema akavua koti, akatandika gunia.

Aliikuta beringi imekauka, ndiyo iliyokuwa ikilia. Kopo la grisi nalo lilikuwa tupu kabisa. Sasa mtu mwingine angeifunga rili akaiacha ilie. Kiema aliingia jikoni, akatoka na kasuku, kopo la mafuta ya kupikia, yale meupe yaliyoganda, akapaka beringi, akapaka gia, na mkono wa fundi ukishaanza kupaka haujui pa kukomea. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Mafuta yalikaa vizuri, rili ikazunguka bila sauti, naye akafurahi mpaka akapiga mluzi. Alipomaliza kufunga, kichuma kimoja kilikuwa kimebaki kwenye gunia. Kila fundi hubaki na kichuma. Alikitazama, akajiambia kwamba bila shaka kilikuwa cha ziada, akakitia mfukoni, akamrudisha beberu kwenye uzi na kuingia ndani kujinyoosha kidogo.

Jua la Nuu halimwulizi mtu kama yuko tayari. Lilipopanda, mafuta ya kupikia yakayeyuka kama yaliyo kwenye karai motoni. Yakatiririka kutoka kwenye gia hadi kwenye breki, na breki ikilamba mafuta haishiki tena. Beberu akavuta, uzi ukaja. Akavuta tena, ukaja karibu wote. Kengele haikulia, maana kichuma chake kilikuwa ndani ya suruali ya Kiema, kimelala naye.

Ndolo ndiye aliyemwamsha. Nguzo ilikuwa inadondosha mafuta, gurudumu limebaki na mizunguko michache, na uzi umenyooka kuelekea mtoni.

"Mbuzi iko wapi?" aliuliza Ndolo.

"Iko kwa uzi," alijibu Kiema, na alikuwa akisema kweli.

Aliifungua rili nguzoni, akaibeba kifuani, wakaufuata uzi, yeye mbele akikunja, Ndolo nyuma akiwaswaga wale majike wawili. Uzi ulikuwa umepita chini ya ua wa jirani na katikati ya kamba yake ya nguo, hivyo kila Kiema akizungusha, gauni la ndani la mama wa watu lilikuwa linamjia kwa heshima. Walilinasua, wakaomba msamaha, wakaendelea. Walipofika katikati ya mto, mchanga ulikuwa umenata kwenye mafuta, na mkono wa rili ukagoma. Kiema akachuchumaa pale pale na suti yake, akatoa bisibisi.

"Kiema," alisema Ndolo.

"Ni dakika mbili. Imeingia mchanga kwa gia."

"Kiema, athoni, wakwe zako, wanangoja. Unataka Kaluki atokee wapi?"

Fundi alibaki na bisibisi hewani. Halafu akairudisha mfukoni, na uzi uliobaki akauzungusha mkononi kama mama anayekunja kamba ya kisima.

Uzi uliingia kwenye lango la Mutisya. Wakwe walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, wanawake wamesimama karibu na masufuria, na beberu mwekundu alikuwa uani, amelala kwa raha ya mtu aliyekwisha kula. Alikuwa amenusa majike wa Mutisya kutoka ng'ambo, akawafuata hadi bomani. Sasa majike hao walikuwa wamepelekwa malishoni, naye alikuwa anapumzika.

"Muthoniwa," alianza Mutisya, "hii mbuzi imeingia hapa saa tano, peke yake. Hatujaona mzee, hatujaona bwana. Nimekuwa mzee siku nyingi, lakini ntheo yenye inajileta sijaona."

Ndolo alijaribu kueleza habari za breki, lakini hakuna aliyetaka kusikia. Katunge ndiye aliyesema kutoka kwenye masufuria, bila kupandisha sauti.

"Hata mbuzi imejua kwetu ni wapi. Na hakuna mtu aliiambia."

Wanawake walicheka, wazee wakainamisha vichwa wakicheka chini kwa chini. Kaluki hakucheka. Alikuwa anamtazama baba yake, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Kiema aliona haya kuanzia kisogoni hadi kwenye viatu, haya ya miaka mingi iliyokuja kwa siku moja.

Wazee walinong'onezana. Mutisya akatoa neno: beberu atolewe nje ya lango, na Kiema amwingize kwa mikono yake mwenyewe, bila mashini yoyote. Asipoweza, mambo yaishe hivyo, na watu wa Kasikeu waelekezwe huku.

Kiema aliweka rili chini. Vijana wakambeba beberu hadi nje ya lango. Huko nje beberu akanusa upepo kutoka malishoni, akageuza kichwa kuelekea majike walikokwenda, akapanda kwato zake ardhini. Kiema alishika pembe akavuta. Akazunguka nyuma akasukuma. Kiraka cha suti kikaachia, kiatu kimoja kikabaki mchangani. Alikuwa mtu aliyejua kila breki iliyotengenezwa duniani, lakini hii haikuwa na mkono wa kulegeza wala skrubu ya kufungua. Alivuta mpaka akaanguka kwa makalio, akainuka, akashika tena. Hakuna aliyecheka sasa. Jasho lilimtoka likachanganyika na kitu kingine ambacho hakutaka kionekane.

Katunge alifuta mikono kwenye leso. Akaenda kwenye mgunga ulio kando ya ua, akaokota konzi ya maganda ya mbegu zake, ambayo mbuzi huyapenda, akatoka langoni akaitingisha mbele ya pua ya beberu. Kisha akageuka, akaanza kutembea kwa hatua zake za kawaida kurudi uani kwao. Beberu alifikiri kidogo, akamfuata. Kiema alikuja nyuma, kiatu kimoja mguuni, ameshika mkia ili na yeye aonekane ana mkono kwenye jambo.

Mutisya alisimama, akauliza swali ambalo wazee huuliza kila mara.

"Nani ameleta hii ntheo?"

Ndolo, msemaji, alifungua mdomo. Kiema alimgusa bega akamnyamazisha.

"Ameileta Mama Kaluki," alisema.

Mutisya alimtazama dada yake, akamtazama beberu anayetafuna, akatazama majike wawili wapole waliosimama na Ndolo.

"Basi tumepokea," alisema hatimaye. "Wazee, andikeni vichwani mwenu. Leo Katunge ameoa."

Wazee walicheka mpaka viti vikalia, wanawake wakapiga vigelegele, na Katunge akarudi kwenye masufuria yake kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Kiema hakubisha. Alikuwa anamtazama Kaluki, ambaye sasa alikuwa na kwao pa kutokea.