Mti Uliokula Jua

Baridi ya Julai kule Bahati haina adabu. Ukungu hushuka kutoka msituni alfajiri, ukalala juu ya mabati hadi karibu saa sita, na jua likitokea huwa kama mgeni aliyekataa hata chai. Mwaka wa 2008 stima haikuwa imefika upande wetu. Tulikuwa na paneli mbili za sola juu ya paa na betri nne kwenye stoo, zimepangwa juu ya ubao. Baba alizinunua alipostaafu reli, na alizitunza kuliko alivyowahi kumtunza ng'ombe yeyote.

Nyumbani tulibaki wawili, yeye na mimi. Mama alikuwa amefariki, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya ila kupika na kununa.

Miezi mingine majirani walileta simu zao kwetu kuchaji, kila moja imebandikwa plasta yenye alama ya mwenyewe. Baridi ilipoingia, baba alifunga. Hakusema chaji imepungua. Alisema betri zimelala, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mgonjwa. Betri ikishinda njaa wiki nyingi, alinieleza, haiamki tena. Kwa hivyo inveta, lile boksi linalogeuza moto wa betri uweze kuendesha TV na chaja, ilizimwa kabisa. Tukabaki na taa moja ya jikoni.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mama mmoja mwenye miguu mibovu. Mwanawe alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua karibu na Kamere, akaondoka huko vurugu za Januari zilipozuka baada ya uchaguzi. Tangu hapo alikuwa akimpigia mama yake kwa simu za kuazima, leo namba hii, kesho namba nyingine, na sasa alikuwa kimya tangu Mei. Kumtafuta haikuwezekana. Ilibidi simu ya mama yake iwe na moto, basi.

"Betri zimelala, mama," nilimwambia mlangoni.

"Najua, mami. Lakini si uniwekee tu kidogo, hata ya kupokea? Akiambiwa mteja hapatikani ataogopa, atadhani nimeenda."

Nikaichukua. Baba akishaenda shambani asubuhi niliwasha inveta na kuchomeka chaja. Inveta yetu ilikuwa na mlio, kwa hivyo niliifunika blanketi, nikaiacha hivyo hadi jioni baba akikaribia kurudi. Siku iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Wengine wakanusa habari, wakaleta zao. Simu ni kitu kidogo, nilijiambia, itakunywa kiasi gani?

Baba alipima maji ya betri kila asubuhi kwa kile kipimo cha kioo chenye kielea ndani, na kila asubuhi kielea kilizama zaidi kuelekea alama nyekundu. Hakunishuku hata kidogo. Alijishuku yeye mwenyewe. Alipanda ngazi na umri wake ule kufuta umande kwenye paneli. Alikaza nyaya upya. Taa ya jikoni akaizima, tukala kwa mwanga wa koroboi, na bado akaniomba msamaha kwa moshi. Chakula kilinishinda.

Siku moja niliingiza mkono chini ya blanketi. Simu zilikuwa zimejaa zamani, lakini lile boksi lilikuwa la moto. Ndipo nikaelewa. Hazikuwa simu. Ilikuwa inveta yenyewe, ikila mchana kutwa bila kazi yoyote, na mimi nimeifunika vizuri isipatwe na baridi.

Nilipanga kumwambia jioni hiyo. Lakini yeye ndiye aliyetangulia kusema.

"Nimepata shida iko wapi," alisema. "Ni hii avokado. Mwezi hii jua imehamia upande wake. Ndio inatukulia jua."

Mti huo aliupanda mama, kwa kokwa aliloliotesha kwenye mkebe dirishani mwa jikoni. Kivuli chake kiligusa ukingo wa paneli moja, ni kweli, kwa muda mfupi wa mchana. Nilifungua mdomo. Nikawaza kwamba ataniuliza simu ni za nani, naye yule mama atakosa mtoto wake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wa baba.

Aliukata kesho yake, kwa shoka, peke yake. Hakutaka kumwita mtu. Alikuwa akisimama kila mara na kuugusa mti kwa kiganja, kisha anaendelea. Nilikuwa jikoni, namenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Tangu siku hiyo sikuwasha inveta tena. Simu ya yule mama niliibeba kwa miguu hadi kwa kinyozi pale senta, kwenye maduka na stima, ambaye alikuwa akichaji simu za watu muda huo wote. Nilikuwa nimeona uvivu, hakuna jina lingine. Mwanawe akapiga siku chache baadaye. Alikuwa salama, Kisumu, amepata kibarua. Yule mama alilia, akaniletea mayai, nikayapokea.

Kielea kikapanda. Baba aliniita stoo nikione.

"Umeona? Kumbe ilikuwa mti."

Aliwaambia majirani wote, nao wakakubaliana naye, wakaanza tena kuleta simu zao kuchaji, wakausema vibaya ule mti ambao walikuwa wamekula matunda yake miaka yote. Jioni alizoea kukaa juu ya kisiki akitazama paneli. Siku moja aliniita nikae naye.

"Mama yako angenikasirikia?"

"Hapana, baba. Angeelewa."

Akashusha pumzi. Kisha akanishukuru.