Alama za Zambarau Shingoni mwa Mke Wangu

Mjukuu wetu anayesomea mambo ya dawa alikuja Jumapili iliyopita, akatueleza habari za chembe. Anasema siku hizi wataalamu wanatengeneza chembe ndogo sana. Vumbi la msasa kando yake ni magogo. Wanazipaka kitu kinachonasa kwenye seli za saratani, wanamchoma mgonjwa sindano, chembe zinatembea na damu mpaka zikute ugonjwa ulipo. Zikifika zinaachia dawa palepale, au zinamulikwa zinapata moto, seli mbaya inakufa na jirani yake haguswi. Nyingi bado zinajaribiwa, alisema, nisije nikatangaza mtaani.

Nikamuuliza, "Sasa nani anazichorea mipaka?"

"Hazichorewi, babu. Zinatafuta zenyewe."

Bibi yake alikuwa anachambua mchele pembeni. Akasema bila kuinua kichwa, "Bora. Maana babu yako akipewa penseli!"

Kijana hakuelewa. Mie nilielewa vizuri sana, nikamwambia habari hiyo nitaiandika. Ndiyo hii. Kuandika kwenyewe nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nina ndevu tayari, na mwalimu wangu binti aliyekuwa akinipiga rula ya vidole kila nilipoandika mstari ukapanda mlima. Mkiona herufi zimelala, ziacheni zilale.

Miaka ile ya Ujamaa tulikaa Temeke. Mie mchonga vinyago, nashinda bandani barabara ya Pugu na tezo na patasi, Mmakonde wa Newala, uso una chale kama wazee wangu walivyonichanja. Mke wangu ni Mzaramo wa Kisarawe, kalelewa na shangazi yake. Nilipokwenda kuposa, shangazi alinitazama uso wangu muda mrefu, kama mtu anayekagua muhogo sokoni, akasema, "Sawa, muoe. Lakini huo mchoro uishie kwako." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi mke wangu akaota uvimbe shingoni, upande wa kushoto, chini ya taya. Ulianza kama kunde, ukawa ndimu. Hospitali ya mjini wakakata kipande wakakipima, wakasema ni saratani, ila ni ya aina inayosikia mionzi ikiwahiwa. Neno saratani mie nilikuwa silijui. Nilipoeleweshwa nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikashindwa kunyanyuka, mke wangu mwenyewe akaja kuniinua. Mgonjwa ni yeye, anayeinuliwa ni mie.

Kulikuwa na mashine kubwa inayotoa mionzi isiyoonekana. Alitakiwa alale chini yake kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki kadhaa. Kabla ya kuanza, daktari akamchora shingoni kwa wino wa zambarau: mistari minne imefunga kama dirisha, na misalaba midogo mitatu. Dada aliyeendesha mashine, mtu wa bara, mrefu, hana mchezo, akatuweka chini. Wakati ule wote tulikuwa ndugu.

"Ndugu, mionzi haina macho. Inakwenda tunakoielekeza. Ndani ya mistari inaua ugonjwa, nje ya mistari inaumiza nyama nzima. Mistari isioshwe, isisuguliwe, isipakwe mafuta. Na usikose siku. Ukikosa siku, uvimbe unapata nafasi ya kupumua."

Tukaitika. Njiani mke wangu akaniambia, "Shangazi asijue." Nilimwelewa. Shangazi angejua, kesho yake mgonjwa angekuwa Kisarawe kwa mjomba fulani anayechanja uvimbe kwa wembe na kuupaka majivu. Basi akawa anajifunika kanga mpaka masikioni, joto la Temeke lote lile.

Wiki mbili zikapita, ndimu ikaanza kurudi kuwa kunde. Ndipo shangazi akatokea bila taarifa, na unga wa muhogo na nusu mche wa sabuni. Kwa kijana wa leo sabuni si kitu. Wakati ule sabuni ilikuwa haionekani madukani, watu walipanga foleni kwa kusikia tu kwamba kuna gari limepita linanukia. Nusu mche ulikuwa zawadi ya harusi.

Mie nilikuwa bandani, haya nimesimuliwa. Shangazi alimkalisha mke wangu mkekani amsuke. Akavuta kanga, akaiona ile mistari.

"Nini hiki? Amekuchora! Mmakonde amekuchora!"

Mke wangu alikuwa na nafasi ndogo sana ya kuchagua: aseme ugonjwa, au anitupe mie. Akanitupa mie. Akasema, "Ndiyo shangazi, mambo ya kwao." Alidhani yataishia kwenye matusi. Shangazi hakutukana hata kidogo. Alinyanyuka, akachukua dodoki na sabuni yake adimu, akasugua mstari mmoja baada ya mwingine mpaka shingo ikabaki kama ya mtoto aliyezaliwa leo. Na mke wangu, mkono ule ndio uliomlea, hakuweza kuukamata.

Narudi jioni, natoa shikamoo, najibiwa, "Shikamoo yako ipeleke Newala." Mke wangu akanivuta chumbani, akafunua shingo. Tulikuwa na miadi asubuhi.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza, naueleza kama ulivyo. Mie maisha yangu yote ni kuchora juu ya gogo la mpingo kisha kufuata mstari. Nikiona umbo mara moja silisahau. Nikajiambia, mistari minne inanishinda? Asubuhi nikachukua penseli yangu ya zambarau, ile ya kulowesha kwa mate, nikamkalisha mke wangu dirishani. Nikamchorea upya. Nikasogea nyuma, nikatazama kwa jicho moja, nikaridhika kabisa.

Mlango ukafunguka. "Anarudia! Mbele ya macho yangu anarudia!"

"Shangazi, tunachelewa hospitali."

"Hospitali gani inayotibu shingo iliyochorwa? Nakuja huko huko, nikamwambie daktari wako!"

Akaja kweli. Ndani ya basi, kutoka Temeke mpaka mjini, aliwaeleza abiria habari zangu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na mpango wa kuwachora na watoto.

Tukafika. Yule dada akamlaza mke wangu, akainama kuitazama shingo. Akatoka nje.

"Nani kachora hizi?"

"Mie, ndugu. Za kwanza zilifutika. Nimezirudisha palepale."

"Palepale? Mstari wa daktari ulikwenda kombo. Huu umenyooka."

Nikasema kwa fahari, Mungu anisamehe, "Ndiyo, ule ulikuwa umepinda. Nikaunyoosha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Ulipindishwa makusudi, ukwepe koromeo. Wewe umeielekeza mionzi kwenye koromeo la mkeo. Mashine siiwashi. Daktari anaondoka saa nne kwenda mikoani. Nikimkosa, mgonjwa atasubiri mpaka arudi."

Akaenda kumtafuta. Nikageuka, nikamkuta shangazi amesimama, mdomo wazi.

"Mionzi ya nini?"

Mke wangu alikuwa ameshatoka ndani, amekaa kwenye benchi. Akamwambia yote, uvimbe, saratani, mashine, na kwa nini alimficha. Shangazi akafunika uso kwa kanga. "Nimekufuta dawa," akasema. "Kwa sabuni yangu mwenyewe." Mie nilitaka kumwonea huruma, ila nilikuwa na zamu yangu ya kujionea huruma mwenyewe.

Daktari akaja mbio, saa mkononi, na kadi yenye vipimo. Akafuta kazi yangu kwa pamba na spiriti, akaanza kupima na rula. Sasa uvimbe ulikuwa umepungua, ngozi imelegea, kila alama aliyoichukua ilikuwa inamsogea. Akapima mara mbili, akakunja uso, akatazama saa.

Shangazi akasogea. "Mwanangu daktari, msalaba mmoja ulikuwa kwenye kovu la tetekuwanga. Hilo hapo. Nimelisugua mpaka nikaogopa litatoka damu. Na ule mwingine chini, vidole viwili kutoka kwenye hiki kidoa cheusi alichozaliwa nacho. Shingo hii nimeiogesha mimi."

Daktari akaweka rula kwenye kovu, akasoma kadi, akapima tena. Vikapatana. "Mama," akasema, "kaa hapa hapa." Akamaliza kuchora, kombo likarudi kombo, akatoka anakimbilia gari lake. Yule dada akaiwasha mashine. Siku hiyo haikukosekana.

Shangazi hakurudi Kisarawe tena mpaka matibabu yalipokwisha. Kila asubuhi alihesabu misalaba. Jirani akija kumkumbatia mke wangu, anazuiwa mlangoni: "Salimia kwa mbali, shingo ina kazi." Mie nilipigwa marufuku kukaa na penseli ndani ya nyumba, na ile ya zambarau ikahamishiwa bandani.

Wiki za mwisho zilikuwa mbaya. Koo lilimchoma, alikunywa uji tu, akakonda mpaka pete ikamtoka kidoleni. Hatukuwa tukicheka sana siku hizo. Baada ya mapumziko tukarudi kwa daktari, akamminya shingo kushoto, akaminya kulia, akaminya tena kushoto. Shangazi akashindwa kuvumilia: "Mbona huongei?"

"Sina cha kuongea, mama. Natafuta uvimbe siupati."

Tukatoka. Mke wangu akasema tushuke Buguruni. Tukashuka. Akanunua mishikaki minne, akala miwili yake polepole, akitafuna na kumeza, anasikilizia kama koo litakataa. Halikukataa. Akatazama miwili iliyobaki, wangu na wa shangazi, akasema, "Nyie mna haraka gani ya kula?" Akaimaliza yote.