Nukta Tatu Ndani ya Gobori

Maman Lucienne Kabamba huosha vyombo vya madaktari. Ni mwaka wake wa ishirini na moja katika hospitali kubwa ya Jette, hapa Ubelgiji. Mikasi, koleo na visu hushuka kutoka vyumba vya upasuaji vikiwa na damu. Yeye huvifungua, huvisafisha, huvikagua kwa kioo cha kukuzia, kisha huvipanga kwenye sinia kabla ya kuingia katika tanuri la mvuke. Mkasi ukiwa na ufa mwembamba kuliko unywele, wenzake hawauoni. Yeye huuona. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye mtu mmoja atamwambia kwamba hajui kutazama chuma.

Tunaishi Etterbeek, ghorofa ya tatu, mlango wake ukitazamana na wangu. Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, hupita sokoni, kwenye stesheni ya Gare du Midi. Nyuma ya wauza zeituni na wauza soksi kuna mzee anayetandaza shuka na kumwaga juu yake vitasa, funguo na saa zilizokufa. Hapo ndipo Maman Lucienne alipopata bastola yake ya kwanza, kuukuu, ya kuning'inizwa kwenye mnyororo wa saa, ndogo kama ganda la karanga. Haikuwa na springi. Alirudi nayo nyumbani, akaitengenezea springi, na ikalia. Leo anazo kumi na moja: bastola na bunduki ndogo za Ulaya za zamani, za mabibi na mabwana waliokwisha kufa, kila moja ikilala kwenye pamba ndani ya bati la biskuti. Zote zinafanya kazi. Ukitia chembe ya baruti iliyokwanguliwa kwenye kiberiti, zinatoa mlio kama mtu anayevunja kijiti.

Mimi ni mtu wa Butembo, kwetu kwenye vita. Bunduki nilizijua kwa sauti kabla ya kuzijua kwa umbo, na siku ya kwanza aliponifungulia lile bati nilisimama nikataka kutoka.

"Ikala, Kahambu," aliniambia, akinivutia kiti. "Siseme bunduki haiko na kosa. Ile kubwa iko na kosa mingi. Lakini hii haiwezi kuua hata inzi. We angalia tu kazi ya mikono."

Niliangalia. Ilinichukua miezi kuweza kuangalia bila kusikia kitu kingine masikioni.

Kanisani hawakumwelewa. Tonton Joël, ambaye hupiga gitaa kwenye kwaya, alikuwa na mzaha mmoja ambao hakuuchoka.

"Maman wa silaha! Alors, leo umeua panya ngapi?"

"Panya hapana, Tonton. Lakini leta kidole yako, weka hapa mbele. Tutaona kama ni mchezo."

"Aka! Bwana asifiwe, kidole nayo ni ya gitaa."

"Donc nyamaza."

Watu wote walicheka, naye akacheka. Maman Lucienne hakuwaeleza kwamba katika lile bati, chini ya zile kumi na moja, kulikuwa na ya kumi na mbili, na kwamba nyingine zote alizinunua ili hiyo moja isikae peke yake.

Ya kumi na mbili ni gobori, bunduki ya kupakia kwa mdomo wa mtutu kama walivyokuwa nazo wawindaji wa kwao, ila urefu wake haufiki kidole changu cha kati. Aliitengeneza baba yake, Noé Kabamba, huko Likasi, mwaka 1974. Mchana Noé alikuwa fundi makanika katika karakana ya malori. Jioni alikuwa mhunzi wa wawindaji. Katika kazi yake hiyo ya pili alikuwa na desturi moja. Mwindaji akija kuagiza gobori, Noé hakumwonyesha kubwa. Alimwekea hili dogo kiganjani, akalipakia, akalifyatua mara tatu mbele yake. Likilia mara tatu bila kukosa, mwindaji alilipa. Likikosa hata mara moja, Noé mwenyewe alimwambia aende kwa fundi mwingine. Lile dogo ndilo lililokuwa neno lake la heshima.

Lucienne alikuwa na miaka minane. Ndiye aliyeshika taa wakati baba yake akichonga kitako kwa kipande cha wembe. Ndiye aliyeona mtutu ukikatwa kwenye bomba jembamba la breki ya lori lililogongwa. Na ndiye aliyeona jambo la mwisho, kabla bamba la ubavuni halijafungwa: baba yake alichukua msumari, akapiga nukta tatu upande wa ndani, mahali ambapo hakuna mtu angeona bila bisibisi.

"Mbona ndani, baba?"

Noé alimwambia kwamba babu yake yeye Noé alikuwa mhunzi pia, zamani za Wabelgiji. Alitia alama yake nje ya bunduki, na alama hiyo ikamwongoza askari hadi mlangoni kwake. Babu alifungwa miaka miwili kwa kutengeneza silaha. Tangu hapo alama ya nyumba ile ilihamia ndani. Na tangu hapo watoto wa nyumba ile walifundishwa amri moja kabla hata ya sala: mtu mwenye kalamu akikuuliza nani alitengeneza, na lini, hujui.

Amri hiyo ndiyo iliyomponza Maman Lucienne.

Mwaka jana chama kimoja cha wakusanyaji wa silaha za kale kilitangaza maonyesho ya bunduki ndogo. Mathilde, katibu wao, alimwona Maman Lucienne pale pale sokoni akijaribu moja ya kwake mbele ya yule mzee wa vitasa, akamsihi alete zote. Mathilde ni mwanamke mwema; sitaki asomwe vibaya. Alileta fomu, ukurasa mmoja kwa kila kitu. Tulizijaza pamoja mezani kwangu. Kwa zile kumi na moja, Maman Lucienne alisema na mimi nikaandika: mahali, mwaka wa kukadiria, fundi kama anajulikana. Tulipofika kwenye gobori alininyang'anya kalamu. Aliandika urefu na uzito. Kwenye mstari wa fundi na mstari wa mwaka hakuandika kitu.

"Maman, si unajua?"

"Najua."

"Basi tuandike."

"Ile mambo hatuandikake," alisema, akaikunja.

Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye pasipoti ya nchi hii, anayelipa kodi hapa. Bado alikuwa akimlinda baba aliyezikwa miaka thelathini iliyopita dhidi ya askari aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Ningemshurutisha. Sikumshurutisha.

Siku ya ufunguzi, Jumamosi mchana, alivaa kitenge chake cha buluu chenye maua ya njano. Ukumbi ulijaa wazee wa Kibelgiji wenye miwani shingoni. Bunduki zake zilikuwa kwenye kabati la vioo katikati, na watu walizizunguka. Gobori lilikuwa limewekwa peke yake juu ya mahameli mekundu, na taa yake mwenyewe. Tulisogea. Chini yake palikuwa na kadi nzuri ya herufi nyeusi: *Liège, karibu 1880. Fundi hajulikani. Kazi adimu ya kiwango cha juu kabisa. Mali ya Bi L. Kabamba.*

Alisoma mara mbili. Liège ni mji wa wahunzi wa bunduki wa hapa hapa Ubelgiji.

Mtaalamu wa chama, bwana Vercammen, ndiye aliyeandika. Alikuja akitabasamu, akampa mkono, akamwambia kwa Kifaransa kwamba kile ndicho kito cha maonyesho. Maman Lucienne alimshukuru, kisha akasema kwa utulivu kwamba kadi ina kosa: lilitengenezwa Likasi, na baba yake.

Bwana Vercammen hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliinamisha kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto akisimulia ndoto.

"Bibi, familia nyingi huwa na hadithi kama hizo. Huenda baba yako alilirekebisha. Lakini nimetazama bunduki kwa miaka arobaini. Mtambo wa namna hii haufanywi kando ya barabara. Unahitaji shule, vifaa, jicho la chuma. Kisha halina alama yoyote. Na wewe mwenyewe, kwenye fomu, uliacha wazi."

Jicho la chuma! Alimwambia hivyo mwanamke ambaye, siku hiyo hiyo, kama kuna mtu alikuwa amelala juu ya meza ya upasuaji kule Jette, kisu kilichokuwa juu ya tumbo lake kilikuwa kimepita machoni pa mwanamke huyo kwanza. Na hakuna aliyeona haya. Wazee wawili waliitikia kwa vichwa. Mji huu umejengwa kwa shaba iliyochimbwa kwetu, na watu wake wenye elimu hawawezi kuamini kwamba mmoja wetu aliwahi kushika tupa.

"Nipe bisibisi," Maman Lucienne alisema.

Mathilde alimshika mkono, akamvuta pembeni, nami nikawafuata. Alinong'ona haraka. Silaha ya kale, alisema, unaweza kukaa nayo bila kibali. Ya juzi ni jambo lingine. Ukithibitisha hapa mbele ya watu kwamba ni ya 1974 na inafyatua, chama kitalazimika kuiondoa na wewe utalazimika kuipeleka polisi. Wanaweza wasiirudishe. "Iache iwe ya Liège, Lucienne. Wewe unajua ukweli. Utarudi nayo nyumbani maonyesho yakiisha."

Maman Lucienne alinigeukia. Akaacha Kifaransa.

"Kahambu, umesikia? Kama fundi ni muzungu na hana jina, ni kito. Kama fundi ni baba yangu, ni mambo ya polisi."

"Nimesikia, Maman."

"We ungefanya nini?"

Nilitaka kumwambia akubali. Nimeondoka mahali pengi kwa kukubali. Ndivyo nilivyofika hapa nikiwa hai. Lakini nilimwona akiitazama ile kadi, sikuweza.

"Jina ni la baba yako, si langu," nilisema.

Alirudi kwenye kabati. Alifungua mkoba, akatoa bisibisi yake ya kutengenezea miwani. Alisubiri mpaka bwana Vercammen, kwa adabu yake, akafungua kioo. Skrubu mbili, kila moja kama mbegu ya nyanya. Bamba lilitoka. Aliligeuza, akaweka kioo cha kukuzia juu yake, akarudi nyuma hatua moja.

"Tatu," alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika na ukumbi mzima. "Hesabuni. Na mtutu ni bomba la breki. Tazama ndani, bwana, utaona mshono wa kiwandani. Mwaka 1880 lori gani lilikuwa Liège?"

Bwana Vercammen aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko adabu ilivyohitaji. Alipoinuka masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ni bomba," alisema.

Nilidhani sasa ataomba radhi. Badala yake aliichukua kadi, akaitia mfukoni, akamnong'oneza Mathilde. Taa ndogo ikazimwa. Kito cha maonyesho kilitolewa juu ya mahameli kwa leso, kama mtu anavyookota kitu kilichoanguka chooni, kikatiwa kwenye bahasha, akakabidhiwa Maman Lucienne. Hakuna kadi mpya iliyoandikwa. Dakika kumi kabla lilikuwa kazi adimu ya kiwango cha juu kabisa. Chuma hakikuwa kimebadilika hata chembe.

Jumatatu tulikwenda polisi. Askari aliyetupokea alikuwa msichana mpole. Jina lake, Océane, lilikuwa kifuani. Alilitazama gobori kiganjani mwake, akatutazama sisi, akakiri kwamba hajui sheria inasemaje kuhusu kitu kidogo namna hiyo. Itabidi wataalamu walipime. Kwa sasa alilazimika kulizuia na kutoa stakabadhi. Akashika kalamu.

"Mtengenezaji anajulikana?"

Nilimtazama Maman Lucienne.

"Anajulikana," alisema. "Kabamba Noé. Andika vizuri, alama juu ya e ya mwisho. Likasi. Mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne."

Yule msichana aliandika, akamgeuzia karatasi ahakiki. Maman Lucienne aliikagua kama anavyokagua mkasi, herufi kwa herufi, kisha akaweka sahihi. Nje, kituo cha basi, alikaa kwenye benchi akalia kwa hasira, mkoba ukiwa mapajani, na mabasi mawili yalitupita.

Huu ni mwezi wa saba. Gobori halijarudi. Kila anapopiga simu wanamwambia faili iko kwa wataalamu. Kwenye bati la biskuti, mahali pa ya kumi na mbili, ameweka ile stakabadhi, imekunjwa ikatosha kwenye pamba. Ndiyo karatasi ya kwanza ya nchi hii inayomwita baba yake fundi. Tonton Joël aliposikia habari yote aliomba aonyeshwe ile stakabadhi, akaisoma akiwa amesimama, na tangu hapo hajauliza habari za panya.

Wiki iliyopita zilifika fomu za maonyesho ya mwaka ujao. Barua ya chama ilisema wangefurahi sana kuzipata tena zile kumi na moja. Maman Lucienne aliniita, tukakaa mezani kwangu. Safari hii kalamu alishika yeye toka mwanzo. Zile kumi na moja za Kizungu, ambazo kweli hazina alama yoyote, kwenye mstari wa fundi aliandika moja baada ya nyingine: *hajulikani*. Kisha akatoa nakala ya fomu tupu, ya kumi na mbili, akajaza kila mstari, akaibana pamoja na nakala ya stakabadhi.

Juu ya bahasha, mahali pa maelezo mengine, aliandika kwa Kifaransa: *Zote kumi na mbili, na kadi yenye jina, au hakuna hata moja.*

Bado hawajajibu.